Aleji ya chakula: tiba za asili zinasaidia wapi, na zinakomea wapi

Jodari aliyevuliwa usiku, akakaa kwenye ndoo bila barafu mpaka saa nne asubuhi, anaweza kuwaangusha watu wanne wa meza moja kwa mpigo. Nyuso zinaiva na kuwaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ngozi inawasha, mwingine anaanza kuhara. Mmoja wao atasema, "Mimi jodari ananidhuru, nina aleji naye," na tangu siku hiyo hamgusi tena. Kumbe hapo aleji haipo. Nyama ya samaki wa jamii ya jodari na vibua ina kemikali iitwayo histidini kwa wingi. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza ikawa histamini, kemikali ileile ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu anapopata aleji. Ikishakuwemo, kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, ndimu haiiondoi. Wale wanne wamekula sumu ya samaki aliyelala. Wakila jodari aliyehifadhiwa vizuri, hawatapata lolote.

Nimeanza na samaki huyu kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Karibu kila taabu inayompata mtu baada ya kula tunaiita aleji, kisha tunaitafutia mzizi, mbegu au jani la kuimaliza. Matokeo yake, wengine wanajinyima vyakula wasivyo na shida navyo, na wengine, wenye aleji ya kweli inayoweza kuua, wanapewa kikombe cha tangawizi. Njia za asili zina kazi kubwa katika jambo hili, na nitaieleza kwa urefu. Lakini kazi yake iko kabla ya shambulio: kugundua, kuepuka, kumzoesha mtoto mapema. Shambulio lenyewe likishaanza, hakuna mmea unaojulikana unaoweza kulizima.

Mwili unakosea wapi

Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, waliwadunga mbwa kiasi kidogo cha sumu ya anemoni, kiumbe wa baharini, wakitumaini kwamba mbwa hao wangejenga kinga. Wiki kadhaa baadaye walirudia kwa dozi ndogo ambayo haikupaswa kumdhuru mbwa yeyote. Mbwa mmoja alianza kuhema, akatapika, akafa kwa muda mfupi sana. Badala ya kumlinda, dozi ya kwanza ndiyo iliyouandaa mwili wake kwa kifo. Richet alipata tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa ugunduzi huo, na hali ile ndiyo madaktari wanayoiita anafilaksisi, shambulio la aleji linaloushika mwili mzima.

Kilichokuwa kikitokea ndani kilieleweka zaidi miaka ya 1960, ilipogunduliwa kingamwili ya aina ya IgE. Mfumo wa kinga, ambao tunauhitaji dhidi ya minyoo na bakteria, unaichukulia protini ya karanga au ya kamba kuwa adui na kutengeneza IgE dhidi yake. Kingamwili hizo hujipachika kwenye seli zilizotapakaa chini ya ngozi, puani, kwenye mapafu na utumboni. Mtu hahisi chochote. Siku protini ileile inaporudi, inazigusa kingamwili hizo, na seli zinamwaga histamini na kemikali nyingine kwa dakika chache tu.

Hapo kuna majibu ya maswali mawili ninayoyasikia kila mara. La kwanza: "Mbona nimekula kamba tangu utotoni?" Kwa sababu mwili unaweza kuanza kukosea ukiwa na miaka thelathini, na aleji ya kamba na kaa ina tabia hiyo hasa ya kuanza ukubwani. La pili: "Kidogo hivi kitanifanya nini?" Kwa mtu ambaye seli zake zimeshaandaliwa, chembe iliyobaki kwenye mwiko inaweza kutosha.

Dalili za aleji ya IgE huanza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili hivi baada ya kula: mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo na kope kuvimba, koo kukaba, sauti kukwaruza, kukohoa na kukoroma kifuani, kutapika, tumbo kukata, kizunguzungu. Ipo ya nyama nyekundu inayochelewa saa tatu mpaka sita, nayo huanzia kwenye kung'atwa na kupe; imeripotiwa Marekani na pia vijijini Eastern Cape, Afrika Kusini. Lakini hiyo ni nadra.

Tatizo la maziwa kwa watu wazima ni jambo jingine kabisa. Anayepata gesi, tumbo kunguruma na kuharisha kila akinywa chai ya maziwa, mara nyingi amepungukiwa na laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Binadamu wengi duniani hupungukiwa nacho wakikua. Ndiyo hali ya kawaida. Wafugaji ndio wa pekee: utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta katika jamii za Tanzania, Kenya na Sudan mabadiliko ya kijeni yanayoendeleza laktasi ukubwani, yaliyojitokeza bila kutegemea yale ya Wazungu. Mwenye tatizo hili mtindi unamsaidia, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Mwenye aleji ya maziwa mtindi haumsaidii chochote, kwa sababu yeye anadhurika na protini, na protini ipo palepale. Ukichanganya hali hizi mbili, ushauri mzuri kwa mmoja unakuwa hatari kwa mwingine.

Kumtafuta mkosaji

Hapa njia ya asili ina nguvu kuliko mashine yoyote, na haina gharama: daftari. Andika ulichokula, saa uliyokula, dalili ya kwanza, saa iliyoanza, na ilichukua muda gani kwisha. Andika pia kama ulikuwa umetumia dawa za maumivu kama aspirini au diklofenaki, pombe, au kama ulifanya mazoezi au kazi nzito baadaye, maana vitu hivyo huweza kuliamsha shambulio ambalo chakula peke yake kisingeliamsha. Hakikisha unaandika kilichomo, sio jina la chakula tu. "Mchicha" hausemi kitu. Mchicha wa karanga unasema. "Wali" hausemi kitu; wali ulioungwa kwa uduvi unasema.

Mfano mzuri ni unga wa lishe. Mama anamwanzishia mtoto uji, mtoto anatoka vipele kuzunguka mdomo na kutapika, na bibi anasema mahindi yamemkataa. Ukiuliza kilichomo utaambiwa: mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, ngano kidogo, na kwenye baadhi ya mifuko dagaa wa kusaga au maziwa ya unga. Hapo kuna wakosaji watano wanaojulikana duniani kote ndani ya kijiko kimoja, na yule anayeshtakiwa, mahindi, ndiye asiyeelekea kuwa na hatia. Hata ukinunua nafaka zako mwenyewe, mashine ya mtaani imetoka kusaga karanga za mtu mwingine dakika tano zilizopita, na unga wake umebaki kwenye koo la mashine. Kwa mtoto mwenye dalili, saga kitu kimojakimoja, ukitwange nyumbani ukiweza, na mwanzishie kipya kimoja tu kila baada ya siku tatu au nne.

Daftari likishamwonyesha mshukiwa, inafuata kuacha na kurudisha: chakula kimoja kinaondolewa kabisa kwa wiki mbili mpaka nne, kisha kinarudishwa kidogo kidogo, dalili zikiangaliwa. Njia hii inafaa kwa dalili za polepole kama tumbo, au pumu ya ngozi isiyotulia. Haifai, nasisitiza, kwa mtu ambaye amewahi kuvimba koo, kushindwa kupumua au kuzirai. Kwake kurudisha chakula hufanyika hospitalini tu, adrenalini, dawa ya kuzima shambulio, ikiwa mkononi mwa mhudumu. Na usimwondolee mtoto mdogo vyakula vitatu vinne kwa mwezi mzima bila mtaalamu wa lishe. Aleji itakuwa haijapona, na utapiamlo utakuwa umeongezeka.

Kuhusu vipimo, viwili vinaaminika vikisomwa pamoja na historia ya mgonjwa: cha kuchoma ngozi juujuu kwa tone la kizio, yaani kitu kinachoshukiwa kuleta aleji, na cha IgE kwenye damu. Chenyewe peke yake, kipimo cha damu kinapotosha, hasa kwetu, maana minyoo na kichocho huipandisha IgE. Watafiti waliowapima watoto wa shule nchini Ghana walikuta wengi wana IgE dhidi ya karanga ilhali wanakula karanga bila shida yoyote, na kichocho kilikuwa sehemu ya sababu. Kwa hiyo karatasi yenye neno "chanya" bila dalili isikufanye uache chakula.

Vipimo vya kingamwili nyingine, IgG, vinavyouzwa kwa orodha ndefu ya vyakula "vinavyokukataa" havigundui aleji. Kingamwili hiyo inaonyesha tu kwamba umewahi kula kitu hicho, na jumuiya ya wataalamu wa aleji ya Ulaya ilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba visitumike. Zile mashine za kushika chuma mkononi, zinazotoa kurasa nyingi za magonjwa ya mwili mzima kwa dakika moja, hazipimi aleji hata kidogo. Inaniuma kuona mama anayejibana kwa ada ya shule akitoa pesa yake kwa mashine hiyo, kisha anarudi nyumbani kumnyima mtoto mayai.

Mitishamba, asali na maziwa ya mbuzi

Tangawizi inatuliza kichefuchefu. Hilo limethibitishwa, na mtu aliyekwisha kuonwa na daktari akabaki na tumbo linalosokota anaweza kunywa chai yake. Haigusi IgE. Habbat soda imefanyiwa majaribio madogo kwa watu wenye mafua ya aleji na baadhi walipata nafuu puani. Pua si koo, na mafua si anafilaksisi. Matokeo hayo hayahamishiki kwa karanga. Asali ina chembe za chavua, na bidhaa nyingine za nyuki, hasa maziwa ya malkia, zimewahi kuleta mashambulio makali kwa watu wenye pumu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulini. Mafuta ya mwarobaini yakinyweshwa mtoto mchanga ni sumu yenyewe.

Maziwa ya mbuzi yanastahili neno la peke yake, kwa sababu yanashauriwa sana na watu wenye nia njema. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Kumhamishia mtoto huyo kwa mbuzi hakumwokoi.

Kisha kuna desturi ya kumnywesha mtu maziwa haraka "yaue sumu" anapovimba baada ya kula. Mtu ambaye koo linaziba hapaswi kunyweshwa kitu chochote, na kama aleji yake ni ya maziwa, umemwongezea dozi.

Sisemi hivi kwa kudharau dawa za mimea. Dhana hiyo imepewa nafasi yake sawasawa: huko New York watafiti walichukua mchanganyiko uliotokana na tiba ya kale ya Kichina, wakauita FAHF-2, nao uliwalinda panya dhidi ya aleji ya karanga kwa namna ya kushangaza. Walipoupeleka kwa binadamu, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ni salama, lakini kwa miezi sita haukuwasaidia wagonjwa kuvumilia chakula kuliko kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Huo ndio uaminifu ninaoutaka kwa anayeuza chupa sokoni: aoneshe ilichofanya kwa watu.

Na ile ya "kula kidogo kidogo mpaka mwili uzoee"? Ipo kweli hospitalini. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha unga wa karanga uliopimwa kwa miligramu kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Dozi huongezwa chini ya macho ya daktari kwa miezi mingi, na hata hivyo baadhi ya watoto hupata mashambulio. Kuijaribu jikoni kwa kukadiria kwa kidole ni kumchezea mtoto uhai wake.

Karanga kwenye uji: kinga yenye ushahidi

Njia ya asili yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni kumlisha mtoto mapema. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaambia wazazi kinyume chake. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio hatarini wasipewe karanga mpaka wafike miaka mitatu. Aleji ya karanga haikupungua. Ndipo Gideon Lack na wenzake wa London walipolinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli. Watoto wa Israeli, wanaotafuna vitafunio vya karanga tangu uchanga, walikuwa na aleji hiyo mara kumi pungufu. Wakawachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, nusu wakala karanga kila wiki, nusu wakaziepuka mpaka miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kati ya walioepuka, karibu 17 katika kila 100 walikuwa na aleji, kati ya waliokula, takribani 3.

Uji wa karanga wa bibi zetu ulikuwa na hekima ambayo hospitali za mbali zilichelewa kuiona. Mtoto akiwa tayari kwa chakula, kwa kawaida miezi sita, karanga zilizosagwa laini huchanganywa kwenye uji, kamwe si karanga nzima, maana zinapalia. Chagua zisizo na ukungu, usije ukamkinga na aleji ukampa sumukuvu. Anza mchana, mtoto akiwa mzima wa afya, kwa ncha ya kijiko. Subiri dakika kumi, kisha umpe zilizobaki, na umwangalie kwa saa mbili. Vivyo hivyo kwa yai lililoiva vizuri na samaki. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi aonwe na daktari kwanza.

Ngozi nayo ina sehemu yake. Protini ikiingia kupitia ngozi iliyopasuka, kabla mtoto hajaionja, mwili huelekea kuiona adui. Ikiingia kwa mdomo, huelekea kuizoea. Kwa hiyo ngozi yenye pumu usiipake mafuta ya karanga wala ya ufuta. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato yanatosha.

Shambulio likitokea

Fikiria karamu. Mtu anakula biriani, dakika kumi baadaye anajikuna shingo, sauti inakwaruza, macho yanavimba, anasema hawezi kupumua. Mara nyingi minong'ono inaanza: katiliwa kitu, kalishwa, kuna mkono wa mtu. Dakika zinapotea kutafuta adui wakati korosho ziko ndani ya sinia.

Dawa ni adrenalini, ya kudungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei ndogo ikiwa kwenye ampuli, na zahanati inatakiwa iwe nayo. Mtu mzima hupewa hadi nusu miligramu. Mtoto hupimiwa kwa uzito, 0.01 mg kwa kila kilo. Hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hajapata nafuu. Piritoni na setirizini zinatuliza kuwasha na mabaka, lakini haziwezi kufungua koo wala kuinua presha iliyoshuka. Ukifika kituo cha afya sema wazi: "Ni shambulio la aleji, hawezi kupumua," na uulize adrenalini.

Njiani mlaze, miguu ikiwa juu. Kama pumzi inamsumbua, aketi amenyoosha miguu. Kama anatapika au hajitambui, mlaze kwa ubavu. Usimsimamishe ghafla wala kumtembeza, presha inaweza kuanguka moyo ukasimama. Tafuta gari au bajaji ambamo ataegemea, kabla ya kufikiria bodaboda. Na akipata nafuu asikimbilie nyumbani: dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye, kwa hiyo aangaliwe hapohapo kituoni.

Kuishi nayo

Anayejua aleji yake amwambie mama lishe kwa jina la kitu, kabla ya kuagiza. Mafuta yaliyokaangia kamba yanabeba protini ya kamba mpaka kwenye chipsi. Halua mara nyingi ina lozi, korosho au ufuta. Kababu na katlesi zina mayai. Shuleni, mpishi na mwalimu wa darasa wote waandikiwe, na rafiki wa karibu wa mtoto aambiwe, maana kashata hutolewa na rafiki.

Mwenye aleji ya kamba ajihadhari na senene na kumbikumbi. Protini iitwayo tropomiosini, inayomdhuru kwenye kamba, imo pia kwa wadudu, na kuikaanga hakuivunji. Anayewashwa mdomo kwa ndizi au parachichi amweleze daktari kabla ya upasuaji, kwa sababu huenda ana aleji ya mpira wa glavu. Utomvu wa ganda la embe unaobabua midomo ni suala la ngozi. Osha embe, limenye mbali na uso, na mara nyingi nyama yake utaila salama.

Watoto wengi wenye aleji ya maziwa na mayai hupona wanapokua, wengine kabla hata ya kuanza shule. Ya karanga huisha kwa karibu mmoja kati ya watano. Ya samaki na kamba kwa kawaida hudumu. Kwa hiyo mtoto aliyezuiwa mayai akiwa na mwaka mmoja apelekwe kupimwa tena akiwa na mitatu au minne, na jaribio la kumrudishia lifanyike kituoni, asubuhi, kabla kliniki haijajaa.